Ubao Uliopimwa kwa Mwili wa Mtu

Swali ninalolijadili hapa lilianza kama swali la useremala. Fundi anampima mtu urefu, upana wa mabega na uzito, kisha anamchongea ubao wa kulalia kifudifudi juu ya mawimbi. Mtu yule anaingia ziwani. Je, fundi anabeba dhamana gani kwa yatakayompata huko? Sizungumzii ubao uliopasuka wala uliogundishwa vibaya. Nazungumzia ubao mzuri, uliotoka kama ulivyokusudiwa. Katika masomo ya maadili tumezoea mifano ya daktari, mwanasiasa na askari. Mimi naomba ruhusa ya kumleta seremala wa Buyenzi, kwa sababu nadhani kesi yake ni ngumu kuliko zao.

Kwanza kitu chenyewe. Wengi wetu tukisikia habari za kupanda mawimbi tunawaza picha za Wamarekani waliosimama juu ya mbao ndefu. Lakini kuna namna nyingine, ya kulala, nayo ni ya zamani. Hawaii wana ubao mfupi wa kulalia uitwao paipo. Uingereza, kwenye pwani ya Cornwall, katika karne ya 20 watu walitumia mbao nyembamba za tabaka, urefu wa kama sentimita 120 na upana wa 30 hivi, zilizopindwa kidogo puani. Mwaka 1971 Tom Morey, akiwa Hawaii, alitengeneza wa sponji, na ndio uliozaa hizi zinazouzwa leo karibu kila pwani ya watalii. Waafrika hawakungoja kufundishwa. Katika miaka ya 1830 ofisa Mwingereza James Edward Alexander alipita Accra, akaandika kwamba aliwaona wavulana wakiogelea kwenda baharini na mbao nyepesi chini ya matumbo yao, wakingoja wimbi la kuwarudisha pwani. Mwanahistoria Kevin Dawson, katika kitabu chake Undercurrents of Power cha mwaka 2018, amekusanya ushahidi mwingi wa namna hii kutoka Afrika ya Magharibi.

Na sisi wa Bujumbura? Ziwa Tanganyika lina urefu wa kama kilomita 670, nasi tuko kwenye ncha yake ya kaskazini. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, upepo wa kusini hulishika ziwa kwa urefu wake, ukiyasukuma maji kutoka upande wa Mpulungu, kule Zambia, kuja kwetu. Wimbi la ziwa halifanani na la bahari: ni fupi, lina haraka, na linafuatwa na jingine kabla hujapata pumzi. Hata hivyo ni wimbi. Anayesema ziwa halina mawimbi hajasimama Saga alasiri ya mwezi wa Julai. Watoto wanalijua hilo bila mwalimu. Nimewaona wakilalia mlango wa kabati, ubavu wa mtumbwi uliovunjika, hata bido tupu la mawese lililokazwa kifuniko. Wimbi linawabeba mita kumi, kumi na tano, halafu wanasimama wakicheka na kukimbilia jingine.

Fundi ninayemfikiria anaishi mtaani kwetu. Riziki yake ni vitanda na madirisha. Kazi hii aliletewa mara ya kwanza na kijana aliyerudi kutoka Afrika Kusini, aliyetaka ubao wa kumfaa yeye mwenyewe na akamwonyesha picha kwenye simu. Fundi hajui kuogelea vizuri, wala hajawahi kulalia wimbi hata moja. Plato aliwahi kusema kwamba mpiga zumari ndiye anayejua zumari nzuri, na mtengenezaji hana budi kumsikiliza. Fundi wetu hakumsoma Plato, lakini alifanya vivyo hivyo: kila ubao uliporudi aliuliza umefanya nini majini, akarekebisha uliofuata.

Vipimo vyake sasa naweza kuvitaja kwa kichwa. Mtu anasimama wima bila viatu, na ubao unatoka sakafuni hadi kitovuni, au juu kidogo kwa mtu mzito. Upana ni wa kifua kukaa bila mikono kubanwa na kingo. Pua lazima iinuke. Fundi huiloweka kwa maji ya moto, akaibana kwenye kalibu ya mbao mpaka ikauke na kupinda, kwa sababu wimbi letu ni fupi na lina mwinuko mkali. Ubao bapa huchoma maji, na mwenye ubao akapigwa tumboni na mali yake mwenyewe. Kingo za mbele hulainishwa zisikate mbavu. Za nyuma huachwa kali kidogo, maji yapate kuachana na ubao haraka. Maji yasiyo na chumvi ya bahari ni mepesi zaidi, hivyo kitu kile kile huzama kidogo zaidi huku kuliko Mombasa. Tripleksi ya dari haitaki kabisa: gundi yake huachia baada ya siku chache na tabaka zikafunguka kama daftari lililoloa. Anatafuta ile ngumu ya kumwagia zege, au mbao nyepesi za grevilea, akizipunguza kwa randa hadi unene wa kidole. Kisha msasa, kisha vanishi mara tatu.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu falsafa ya jambo hili imo ndani ya vipimo hivi. Kila uamuzi wa fundi ni uamuzi kuhusu mtu fulani. Na kila uamuzi mzuri unaongeza mwendo.

Sheria za kale zinamjua fundi mzembe. Katika sheria za Hammurabi wa Babeli, zenye umri wa karibu miaka 3,800, nyumba ikianguka na kumuua mwenye nyumba, mjenzi huuawa. Na mtengeneza mashua ambaye mashua yake imeonyesha kasoro ndani ya mwaka ule, huitengeneza upya kwa gharama yake. Neno letu dhamana limetoka kwenye Kiarabu, na wanasheria wa Kiislamu walijadili kwa karne nyingi ni lini fundi analipa kitu alichokabidhiwa kikiharibika mikononi mwake. Kote huko swali ni la kasoro au la uharibifu. Kwa ubao wa kulalia mambo yanageuka. Misumari kando, ubao mbovu una huruma: unamwangusha mtoto kwenye povu, anameza maji, anarudi nchi kavu. Ubao mzuri unamfundisha kwamba anaweza. Wiki ya pili anataka wimbi la nyuma zaidi, pale ambapo miguu haigusi chini. Na ziwa letu si bwawa la hoteli. Viboko hukaribia ufuko, hasa jua likizama. Mamba wamo, na yeyote aliyekulia hapa amesimuliwa habari za Gustave, yule mamba mkubwa wa upande wa Rusizi. Sehemu ninayokwenda mimi sijaona mlinzi wa kuokoa waogaji. Hammurabi angemwachilia fundi wetu huru, kwa sababu mashua yake haivuji.

Nilipolitoa wazo hili mbele ya wenzangu, mmoja alijibu papo hapo: anayeuza kisu hashtakiwi kwa kidole kilichokatwa. Kila chombo kina hatari, na mwenye kukitumia ana akili yake. Jibu hilo ni zuri, na kwa kisu nalikubali. Kisu kinafuliwa kwa mkono wowote. Mhunzi hamjui atakayekinunua, na kutomjua huko ndiko kunakompunguzia mzigo. Ubao wa kipimo ni kitu cha namna nyingine. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, anataja kipimo cha wajenzi wa Lesbos kilichotengenezwa kwa madini laini ya risasi, ambacho kilijipinda kufuata umbo la jiwe. Yeye anakitumia kueleza kwamba haki ya kweli hukubali kupinda kidogo ili imfikie mtu halisi aliye mbele yake. Mimi nakichukua kwa maana iliyo jirani na hiyo. Kipimo kilichojipinda kufuata jiwe kimeligusa jiwe. Fundi aliyezungusha futi yake kwenye kifua cha mtoto amezihesabu mbavu zake, ameona mikono ilivyo myembamba, ameuliza umri. Baadaye hawezi kusema kwamba hakujua alikuwa akimtengenezea nani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kadiri kitu kinavyomfaa mtu mmoja, ndivyo aliyekitengeneza anavyokuwa karibu na maisha ya mtu huyo. Wajibu wake haumaliziki kwa ubora wa kazi, kwa sababu ubora wenyewe ni sehemu ya hatari. Wengine wataona nimemtwisha mzigo maskini mmoja anayetafuta riziki ya siku, huku wenye uwezo wa kuweka walinzi na alama ufukoni wakilala usingizi. Wana haki ya kusema hivyo. Dhamana ya ufuko ni ya wengi, na ya fundi ni sehemu tu. Lakini hata sehemu ina mwenyewe.

Je, sehemu hiyo inamdai afanye nini? Kukataa kazi? Hapo nililazimika kufikiri upya, kwa sababu ya jambo nililolishuhudia kibarazani pake kiangazi kilichopita. Alikuja mvulana wa kama miaka kumi na miwili, kipande cha tripleksi kichwani.

"Mzee, nataka ubao kama wa yule kaka."

Fundi hakuuliza pesa. "Unajua kuogelea?"

"Najua."

"Wapi? Panapofika magotini au panapopita kichwa?"

Mvulana akanyamaza.

"Nenda kamwite mama yako."

Mama alikuja kesho yake, amekasirika kidogo kwa kuitwa, maana alikuwa ameacha ndagala zake sokoni zikiangaliwa na jirani.

"Fundi, umeniita kwa ajili ya ubao?"

"Nimekuita kwa ajili ya mtoto, Mama."

"Huyu? Nikimkataza ziwani anapitia huko akitoka shule. Mwaka jana msumari ulimchana hapa," akajishika ubavu wake mwenyewe. "Bora umtengenezee kitu kisicho na misumari. Ukikataa wewe, ziwa halitakataa."

Maneno yale ya mwisho yaliniharibia nusu ya hoja niliyokuwa nimeiandaa. Nilidhani njia safi kwa fundi mwenye shaka ni kuacha. Lakini mtoto tayari yumo majini. Anayekataa kumpimia anabaki na mikono safi, na mtoto anabaki na bido. Usafi wa namna hiyo unamfaa nani? Nimejaribu kuiwaza kesi hii mbele ya bashingantahe, wale wazee ambao kazi yao ni kusikiliza pande zote kabla ya kusema. Sidhani wangemsifu mtu aliyejua lenye nafuu akajitoa ili asije akatajwa.

Fundi akajibu baada ya kimya kirefu. "Nitamtengenezea. Lakini nitaufanya mwembamba. Akiulalia pasipo na wimbi, hautambeba. Akifika mahali pasipo na chini ya kukanyaga, ni kama hana kitu. Wewe umwambie hivyo, na mimi nitamwambia."

Mvulana akaingilia: "Mwembamba unakimbia?"

"Unakimbia kuliko mnene," fundi akasema, na alisema kweli.

Alichokifanya pale ni kuingiza mpaka ndani ya umbo. Ubao mwembamba wa kulalia hauhitaji kumwelesha mtu. Mtu anasimama maji yakiwa kiunoni, anangoja, anajisukuma kwa miguu wimbi linapofika, na wimbi linafanya kazi iliyobaki. Ukiondoa miguu chini, mchezo umekwisha. Kwa hiyo ubao wenyewe unamwambia mtoto asimame wapi, kila siku, hata mama akiwa sokoni. Ule mnene unaoelea, au wa sponji, hauna neno hilo: unamkaribisha aulalie na kupiga mikono mpaka atakapochoka.

Yule mwenzangu wa kisu hakuridhika. Alisema huu ni ujanja wa fundi wa viatu anayembana mtoto vidole ili asiende mbali. Nilicheka, lakini pingamizi lake ni la kweli. Mtengenezaji akipunguza uwezo wa kitu kwa siri, kwa faida ya mteja kama anavyoiona yeye, amemfanya mteja kuwa mfungwa wa busara yake. Tunayajua mambo haya kutoka kwa watu wakubwa kuliko seremala. Tofauti, kwa maoni yangu, iko katika lile alilolisema waziwazi mbele ya mama na mbele ya mtoto. Mpaka uliotajwa unaweza kukataliwa. Mama angeweza kusema hapana, nataka mnene, na wangejadiliana. Fundi angenyamaza, akachonga mwembamba na kuuita mzuri kuliko wote, hapo ningekuwa upande wa mwenzangu, hata kama mtoto angerudi salama kila siku.

Bado kuna pingamizi gumu zaidi, na hili halikutoka kwa mwanafunzi. Mvuvi mmoja aliniuliza: na siku mtoto akivutwa ndani kwa bahati mbaya, si afadhali awe na kitu kinachoelea? Ubao mwembamba utamwacha peke yake. Ni kweli. Lakini mvuvi yule yule anajua kwamba usiku na alfajiri upepo hugeuka, ukashuka kutoka milimani na kuelekea ziwani. Kitu kinachoelea vizuri husukumwa vizuri. Mtoto aliyeshikilia bido asubuhi na mapema anaweza kupelekwa mbali kuliko aliyeachia ubao na kukanyaga chini. Nimezipima hatari hizi mbili mara nyingi kichwani na sijapata mizani inayotulia. Naegemea ubao mwembamba, kwa sababu hatari yake inakuja baada ya mtoto kuvuka mpaka alioelezwa, wakati ule unaoelea unamsaidia kuuvuka bila kujua. Atakayeegemea upande wa pili simwoni mjinga.

Na fundi anapima mwili, lakini nani anapima mahali? Mwaka 2024 ziwa lilipanda hadi likaingia tena Gatumba na kuifikia bandari yetu. Palipokuwa na ua wa mtu pakawa chini ya maji. Mtoto aliyezoea mchanga laini anaweza kujisukuma kwa miguu juu ya tofali. Fundi wetu, baada ya mafuriko yale, alianza kuwauliza wateja wanaogea ufuko gani, na alimtuma kijana wake mmoja aende akaupite kwa miguu, maji kiunoni, kabla hajaanza kukata. Wateja wengine walimcheka. Mimi nilimwona anafanya kwa ufuko kile alichokuwa anafanya kwa kifua.

Limebaki jambo ambalo kwa nyumba zetu ni kubwa. Kitu cha kipimo ni cha mtu mmoja, na nyumba ya Buyenzi haina mtu mmoja. Shati la kaka huwa la mdogo, kitabu huwa cha mdogo, na kitanda pia. Mtoto wa miaka kumi na miwili anakua. Baada ya miaka miwili ubao unamfikia mapajani, na mdogo wake ameshaukodolea macho. Siku hiyo ubao uliopimwa unaingia ziwani na mwili usiopimwa. Huyo wa pili hakuambiwa kuhusu wembamba wala kuhusu maji ya kiunoni, ambayo kwake ni ya kifuani. Hapa dhamana ya fundi inamfuata mtu asiyemjua, kama ya mhunzi wa kisu, ila yeye aliweza kumwona mapema: alikuwa amesimama mlangoni siku ile, amemshika mama yake khanga.

Nilimuuliza fundi kuhusu hilo. Akasema amewaambia wazazi wote: ukitaka kumpa mwingine, uulete kwanza. Ubao mrefu unakatwa ukawa mfupi, pua inabaki ile ile, kingo zinalainishwa upya, na mtoto mpya anasimama ukutani bila viatu. Halipishi kwa kukata. Kufikia sasa zimerudi mbili.

Nyingine, tisa au kumi, sijui ziko chini ya nani.